Uyoga Mweusi Chini ya Mti wa Alamo

Mama mkubwa Erlinda Maestas aliitundika ramani ya jimbo letu kwenye ukuta wa jikoni, mahali ambapo nyumba nyingine za kijiji chetu cha Vado Seco huweka picha ya Bikira Maria. Bikira alikuwapo pia, lakini amesogezwa karibu na friji, na mama yangu hakuacha kulisema jambo hilo kila alipoingia kuomba kahawa. Ramani ilikuwa kubwa kama shuka la mtoto na karibu yote ilikuwa ya kahawia, kwa sababu ndivyo New Mexico ilivyo: udongo, mawe, udongo tena, na uzi mwembamba wa kijani mahali mto unapopita. Juu ya kahawia hiyo kulichomekwa pini. Za njano zilifuata mto, nyeusi zilikaa milimani. Hazikuwa nyingi. Kila moja ilisimama mahali ambapo mtu fulani, katika majira fulani ya kuchipua, aliinama akauona uyoga wa sega.

Wengine huuita moreli. Kichwa chake kina vishimo kama sega la nyuki, shina ni jeupe, na ndani ni mtupu. Katika majimbo yenye mvua watu huujaza kwenye ndoo. Kwetu mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kuzika wazazi wake na kuzikwa mwenyewe bila kuuona hata mara moja, na wageni humcheka anayesema kwamba upo. Ndiyo maana chama cha watu wa uyoga cha jimbo kilitaka kila unapoonekana paandikwe, na ndiyo maana kilimtafuta Erlinda, aliyekuwa amestaafu posta baada ya kuzeeka pale dirishani, na ambaye hakuwahi kuacha barua bila kuijibu.

Watu walimpigia simu kutoka pande zote. Walimtumia picha. Yeye aliuliza mti gani ulikuwa juu yake, udongo ni wa rangi gani, maji yalipita hapo lini, na nani hasa aliyeuona kwa macho. Aliyebabaika hakupata pini. Wachimba visima, wachunga ng'ombe, mwanamke mmoja wa Gila aliyekuwa akilia kwenye simu kwa furaha, wote aliwauliza kwa sauti ileile ya dirishani, kisha akashukuru, akainuka, akachomeka. Baadaye alipaandika pia kwenye kompyuta, lakini kwenye kompyuta hakukaa akatazama. Kwenye ramani alikaa. Nilimkuta mara nyingi jioni, kikombe kimepoa mkononi, macho yakitembea juu ya kahawia ile kama mtu anayesikiliza redio mbali.

Kijiji kizima kilijua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuupata hata mmoja.

Fidencio Lucero, msimamizi wa mfereji wetu, alikuwa na mzaha aliourudia kila mwaka tulipokutana kufagia mfereji kabla ya maji kufunguliwa. Alisema Erlinda ni kama padri, anafungisha ndoa za watu wote, yake hana. Erlinda alicheka kila mwaka. Alikuwa na kicheko kidogo kinachotoka puani, na baada yake aliendelea kukata majani kwa jembe.

Chanzo chake ni cha zamani. Babu yangu, baba wa Erlinda na mama yangu, alichunga kondoo wa wenyewe, na alikuwa na mahali pake kwenye mlima Viuda, kikorongo ambako theluji hukawia. Alipanda kabla ya Pasaka kwisha na kurudi na kofia imejaa. Huku kwetu mahali pa uyoga hapasemwi. Mtu atakugawia shamba, atakupa hata zamu yake ya maji mwaka wa ukame, lakini mahali pake pa uyoga humwachia mmoja tu, na humpeleka kwa miguu, hamwambii kwa mdomo. Babu alimchagua Orlinda, mama yangu, aliyekuwa mdogo na mwenye miguu ya mbuzi. Erlinda alivaa miwani na alipenda vitabu. Aliachwa nyumbani awashe jiko ili wakirudi wakute mafuta yamepata moto.

Sikuwahi kumsikia akilalamika. Lakini niliitazama ramani ile miaka mingi, na nadhani nilielewa. Mtu aliyenyimwa mahali pake alikuwa amejikusanyia mahali pa watu wote. Isipokuwa pa mama yangu. Mama alimletea dada yake bakuli la uyoga karibu kila mwaka, na alipoulizwa umetoka wapi alijibu umetoka mbinguni, muulize mwenye nyumba. Kwenye mlima Viuda ramani ilikuwa tupu.

Kisha macho ya Erlinda yakaanza kwenda. Daktari wa Santa Fe alisema katikati ya jicho kunakufa taratibu na kingo zitabaki. Erlinda alitueleza kwa namna yake: nikikutazama usoni, uso unaondoka, masikio yanabaki. Binti yake Jacinta akaja kutoka Albuquerque, akafungua jokofu, akatazama jiko la kuni, akatazama ngazi za nyuma, na ikaamuliwa kwamba shule zikifungwa atamhamishia kwake. Kuna chumba chenye dirisha. Kuna lifti.

Kwa hiyo yale yalikuwa majira yake ya mwisho ya kuchipua hapa, na sote tulijua anachokitaka. Alimwambia mama yangu siku moja wakichambua maharagwe. Hakusema kama ombi. Alisema tu kwamba hataki mwingi. Anataka mmoja, umesimama pale ulipozaliwa, auone kabla jicho halijafunga mlango. Mama hakujibu neno. Hilo lingepaswa kututia wasiwasi.

Tulifagia mfereji, Fidencio akafungua maji. Yalikuja kama yanavyokuja kila mwaka, ya kahawia, yakisukuma mbele yake majani, vijiti na povu, na mbwa wakikimbia mbele ya povu. Vichipukizi vya miti ya alamo, ile mipopla inayofuata maji, vilifunguka na hewa yote ya mtoni ikanukia kama asali iliyosahauliwa juani. Kila asubuhi Erlinda alitembea kando ya mfereji nyuma ya nyumba yake, chini ya miti ile mikubwa, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayesikiliza, kwa kuwa sasa aliona kwa pembe za macho tu. Uyoga wa njano huota hapo, chini ya alamo, mwaka ambao maji yameupendeza. Mwaka ule haukuota. Nilikuwa nikimwona kutoka dirishani kwangu, kanzu yake ya buluu ikitokea na kupotea kati ya mashina, na mara nyingine sikuweza kusema kama ni yeye au ni kipande cha asubuhi.

Jumamosi moja alinipigia simu. Sauti ilikuwa ndogo sana. Aliniambia nije na kamera.

Nilimkuta amepiga magoti. Kati ya mizizi miwili ya alamo ulisimama uyoga wa sega, mweusi, mrefu, mzuri kama wa kuchongwa. Mikono yake ilikuwa imeuzunguka bila kuugusa, kama mtu anayeota moto. Uso wake sitaueleza. Niliwahi kuona picha yake ya komunyo ya kwanza, na ndio uso nilioukuta pale. Nilipiga picha.

Fidencio akatokea ng'ambo ya mfereji na koleo begani. "Hongera, mama Jacinta," alisema, kabla mtu yeyote hajamwambia kuna nini. Kisha akautazama uyoga, akatazama juu, akaanza kuzungumzia mawingu. Kwenye uzio wa upande wa pili mama yangu alikuwa akipogoa mtufaha ambao tulikwisha kuupogoa mwezi wa pili. Akaja akiwa amebeba mshangao wake tayari usoni, na aliuvaa vibaya, kama kofia ya mtu mwingine.

Erlinda aliunyooshea kidole kimoja, akaugusa. Uyoga ukainama upande. Akashusha uso hadi pua ikagusana na kile kichwa cha vishimo, akabaki hivyo, ameinama, muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa kitu. Alipoinuka aliomba mkono wangu. Akawashukuru wote, akasema twende tunywe kahawa.

Ilitokea kwamba mama yangu alikuwa ameoka biskuti za anisi, sinia zima. Tulikula. Fidencio alisimulia habari za ng'ombe aliyeanguka kwenye tangi la maji, habari ambayo sote tunaijua, na Erlinda alicheka pale panapochekwa. Uyoga ulilala kwenye kisahani katikati ya meza. Kuna wakati Erlinda alichukua kikopo cha pini, akakifungua, akavisikiliza vile vichwa vidogo vikigongana chini ya kidole chake. Kisha akakifunga.

Siku zikapita, pini haikuonekana. Mama alivumilia kama anavyoweza yeye kuvumilia, yaani alipita kwa dada yake asubuhi, mchana na jioni, akiangalia ukuta na kuangalia kando. Mwishowe akaja nilipokuwa nikimsomea Erlinda barua za watu wa uyoga, akasimama mbele ya ramani na mikono kiunoni.

"Dada, pini yako iko wapi?"

"Inangoja anwani."

"Anwani gani tena? Si hapo nyuma? Hata kuku wanaijua."

"Pale ndipo nilipoukuta. Mimi nauliza ulizaliwa wapi."

Mama akasema hajui anaulizwa nini, na kwamba watu waliokaa posta sana huishia kuhoji hata mboga. Erlinda alimwacha amalize.

"Uyoga ule una majivu, Orlinda. Na umekatwa kwa kisu, chini uko bapa kama meza. Halafu ni mweusi, mdogo wangu. Chini ya alamo haujawahi kuota mweusi tangu Mungu aumbe mto."

Mama akavuta kiti akakaa. Niliacha kusoma. Alieleza, akiongea na kitambaa cha meza zaidi kuliko na dada yake, kwamba alitafuta wa njano kwanza. Alitembea mtoni juu na chini, akatembea hadi kwa watu wa ng'ambo, hakukuwa na kitu. Ndipo akapanda Viuda, ambako moto wa mwaka jana ulipita, akatambaa kwenye majivu kwa magoti yake haya mabovu.

"Nikasema, macho yake yamekwenda," alisema. "Rangi hataijua."

Maneno hayo yakakaa mezani. Jiko lilipasua kuni moja. Nilimtazama Erlinda nikidhani ameumia, lakini alikuwa akipapasa kitambaa akiutafuta mkono wa mdogo wake, na alipoupata aliufunika.

"Rangi nilijua," alisema. "Lakini nilipouona mara ya kwanza, kabla sijajua kitu, kulikuwa na kipindi kidogo nilipoamini. Kwa hicho nakushukuru. Hakuna aliyewahi kunipa."

"Basi weka pini. Nani ataumia? Fidencio nimemfunga mdomo kwa biskuti."

"Ataumia atakayekuja baada yangu. Ataona mweusi mtoni, ataamini. Atatembea kando ya mfereji kila asubuhi akiangalia chini, mwaka huu, na mwaka ujao, na ule mwingine. Mimi nazijua asubuhi hizo, Orlinda. Simtakii mtu."

Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua anachoelekea kuombwa na kwamba hawezi. Baba alimwapisha. Erlinda akajibu kwamba baba alimkataza kumwambia mtu, na yeye hataki kuambiwa. Anataka kupelekwa.

Hapo mama yangu alifanya jambo ambalo nimemwona akilifanya mara chache. Alilia, bila kujifuta. Hakulia kwa sababu ya kiapo. Alisema hakuna tena mahali. Misonobari imesimama kama njiti za kiberiti zilizokwisha kutumika. Jiwe alilokuwa akikalia baba limepasuka kwa joto. Yeye ndiye aliyeachiwa na yeye ndiye aliyeshindwa kupatunza, na angependa Erlinda abaki na kikorongo kile kama alivyokifikiria tangu utotoni, kina theluji na kijani, kuliko akione kilivyo.

"Nimekiota maisha yangu yote," Erlinda alisema. "Kimenitosha kukiota. Nipeleke kwenye majivu."

Na akaweka sharti. Orlinda asimwonyeshe kitu. Asinyooshe kidole, asikohoe. Akimwona anaupita uyoga, anyamaze. Mama yangu, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani wakati wa kuinua hostia, aliahidi.

Tuliondoka kabla jua halijapanda, mimi nikiendesha pikapu, wao wawili wamekaa kando yangu na mkate wa maharagwe na pilipili ya kijani mapajani. Njiani mama aliuliza nani ataiona pini. Erlinda alimweleza kwamba kwenye kompyuta ulimwengu utaonyeshwa duara pana kama mlima mzima, na nukta yenyewe itabaki ukutani, na ukuta huo sasa utakuwa wa kwangu. Mama akanitazama kama anayenipima upya. Kisha akaniambia pa kukata kona, mahali ambapo singeona kwamba kuna njia.

Kikorongo kilikuwa cheusi na kimya. Sijui kama nilishawahi kutembea juu ya kitu laini namna ile. Mguu ulizama na sauti haikuja. Mwanga ulishuka mpaka chini, mahali ambapo nadhani haukuwa umefika tangu misonobari ile iote, na ulionekana haujui ukae wapi. Mabaka ya mwisho ya theluji yalikuwa yamegeuka kijivu. Chini yake maji membamba yalitiririka, na kando ya maji majani mapya yalichomoza kwenye masizi, ya kijani kikali. Hapakuwa na ndege. Tulisimama kama watu walioingia kwenye nyumba wakakuta wenyewe wamelala.

Erlinda alitangulia na fimbo yake, kichwa upande. Mama alifuata, kiganja kimeziba mdomo. Uyoga ulikuwepo. Niliuona mmoja kwenye mzizi ulioungua, kisha miwili pamoja, na Erlinda alipita katikati yake, pindo la kanzu yake likiigusa. Mama alifumba macho. Akapita mwingine. Akasimama karibu kabisa na kundi zima lililosongamana kando ya gogo, akaliangalia moja kwa moja, na kwa sababu aliliangalia moja kwa moja hakuliona. Nilisikia mama akivuta pumzi kupitia vidoleni. Hakusema.

Jua lilifika juu. Erlinda alichoka. Alipapasa kwa fimbo akapata mahali pakavu kati ya mawe mawili, akakaa chini kwenye majivu, akavua miwani, akaifuta kwa kanzu ambayo ilikuwa chafu kuliko miwani. Hakuivaa tena. Alikaa tu, uso ameuelekeza kule juu ambako theluji ilibaki, na nikaona kwamba ameacha kutafuta. Nilihisi huzuni hadi kwenye magego. Nilianza kufikiria namna ya kumwambia turudi.

Kisha akatulia kwa namna nyingine.

Aligeuza kichwa kidogo kushoto. Akakirudisha. Akakigeuza tena, polepole zaidi. Baadaye alinieleza: kilikuwapo kitu kwenye ukingo, chenye umbo, akikigeukia kinaondoka, akikiacha kinarudi. Alikiacha kirudi mara kadhaa. Hakuwa na haraka. Halafu, akiwa bado anatazama theluji, alinyoosha mkono wa kushoto juu ya majivu, akaushusha, na vidole vikaukuta.

Haukuwa mzuri. Kindi alikuwa ameutafuna kichwani na ulikuwa umepinda. Lakini alipousukuma haukuinama. Ulimshikilia kidole.

Hakusema ameupata, wala sisi hatukusema. Alikaa ameushika hivyo, na baada ya muda akaanza kutaja, kwa sauti ya mtu anayesoma akiwa usingizini, kwamba kuna mwingine pale, na ule pale, na kwamba kando ya gogo kuna familia nzima, na mbona hakuwa ameiona. Mama alianguka magotini nyuma ya dada yake, akamkumbatia mabega, mdomo bado umefungwa.

Erlinda hakuukata. Aliniomba niandike. Msonobari ulioungua. Udongo mweusi juu, mwekundu chini. Maji ya theluji, yangali yanapita. Aliyeuona. Hapo akalitaja jina lake lote, Erlinda Maestas, kwa uangalifu, kama mtu aliyezoea kuwaita wengine dirishani na leo ameitwa yeye.

Mama alimgonga begani.

"Sasa naweza kusema?"

"Sema."

"Umekalia mmoja."

Erlinda alifikiri. "Tangu lini?"

"Tangu ulipokaa, dada. Mnene kuliko yote."

Kile kicheko cha puani kilianza, kikamtikisa mabega, na mama naye akaachilia yote aliyoyazuia tangu asubuhi, mpaka mlima ukarudisha sauti zao. Nilinyoosha mkono kumwinua Erlinda. Akausogeza pembeni.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huo nao uandike."